Rangi ya Madini katika Picha za Sarafu za Kilwa

Miongoni mwa mabaki ya kale yaliyopatikana katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, sarafu zilizofuliwa Kilwa zina daraja ya peke yake. Kuta nyingi zilizobomoka hazitaji jina la aliyezijenga, na vigae vya vyungu havina maandishi. Lakini sarafu, ingawa ni ndogo na nyembamba, hutaja jina la mtawala. Upande mmoja una jina lake na la baba yake, na upande wa pili una maneno machache ya Kiarabu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na mara nyingi pande hizo mbili huishia kwa sauti moja, kama vina vya shairi. Walakini sarafu za shaba za Kilwa hazitaji mwaka. Basi mwanahistoria azitazamaye hana ila mambo matano ya kumwongoza: jina, maneno, umbo la herufi, mahali zilipookotwa, na madini yaliyotumika. Hilo la tano limedharauliwa mno, wala si kwa sababu ni dogo. Limedharauliwa kwa sababu madini hutambulikana kwanza kwa rangi, na kwa muda wa miaka mia na zaidi wataalamu wengi wamezijua sarafu hizo kwa picha zisizokuwa na rangi.

Lugha ya Kiswahili imehifadhi kumbukumbu ya rangi hizo katika majina ya mali. Neno fedha, ambalo leo lina maana ya kitu cho chote kitumikacho katika kununua na kuuza, latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya madini yenyewe yaliyo meupe. Neno fulusi, lililotumika zamani kwa maana hiyo hiyo, latokana na wingi wa neno la Kiarabu lililo jina la sarafu ya shaba. Pesa ni neno lililotoka Bara Hindi, na huko Unguja lilikuwa jina la sarafu ya shaba vile vile. Zile zilizotolewa katika enzi ya Sayyid Barghash, zenye sura ya mizani na mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1881 au 1882 ya Miladi, zingali zikionekana mikononi mwa wakusanyaji. Ama dinari ilikuwa dhahabu, na dirhamu ilikuwa fedha. Yaonekana basi kwamba majina haya, kabla ya kuwa majina ya hesabu, yalikuwa majina ya madini, na kila madini yalikuwa na rangi yake machoni pa muuzaji na mnunuzi. Mtu asiyejua kusoma herufi za Kiarabu aliweza kujua thamani ya alichopewa kwa kukitazama tu.

Wataalamu wa Ulaya nao walikuwa na desturi ya kuandika madini kwa herufi mbili za Kilatini: AV kwa dhahabu, AR kwa fedha, na AE kwa shaba. Herufi hizo zilitosha kwa kazi nyingi, lakini AE ina kasoro moja ambayo msemaji wa Kiswahili ataitambua mara moja. Neno la Kilatini aes huchanganya shaba tupu na shaba iliyotiwa madini mengine, kama vile neno shaba lilivyo katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba Waswahili waliona haja ya kuongeza sifa, wakasema shaba nyekundu kwa ile iliyo tupu, na shaba nyeupe au shaba ya manjano kwa ile iliyochanganywa. Yaani pale jina la madini lilipopungua, rangi ndiyo iliyoitwa kulikamilisha.

Kabla ya kueleza jinsi picha zilivyoshindwa kuionyesha rangi hiyo, yafaa kueleza rangi ya madini ni nini, maana si sawa na rangi ya kitambaa au ya udongo. Nuru iangukayo juu ya kitambaa huingia kidogo ndani ya nyuzi. Sehemu yake humezwa, na iliyosalia hurudi ikitawanyika pande zote. Kwa hiyo kanga nyekundu ni nyekundu kila upande itazamwapo. Madini hayafanyi hivyo. Uso wa madini safi huirudisha nuru kama kioo kinavyoirudisha, na rangi yake ni rangi ya nuru ile iliyorudishwa. Fedha huzirudisha rangi zote karibu kwa kadiri moja, na ndiyo sababu huonekana nyeupe. Dhahabu humeza sehemu kubwa ya nuru ya buluu na urujuani, ikabaki njano. Shaba humeza buluu pamoja na sehemu ya kijani, ikabaki nyekundu. Yatokea basi kwamba sarafu mpya iliyowekwa katika chumba cheusi na kumulikwa kwa taa moja ndogo itaonekana nyeusi, ila pale panapometa. Na sarafu hiyo hiyo ikizungukwa na karatasi nyeupe itaidhihirisha rangi yake yote. Tena mpiga picha akivaa shati jekundu, wekundu wa shati lake waweza kuonekana juu ya fedha, na mtu asiyejua akadhani kwamba fedha hiyo imechanganywa na shaba.

Zamani vitabu vya sarafu vilichorwa kwa mkono, na mchoraji aliweza kuona herufi ambayo haikuwapo au kuiacha iliyokuwapo. Picha ya kamera, iliyotangazwa Paris mwaka 1839, ilileta tumaini la kuondoa makosa ya mkono wa binadamu. Hata hivyo kupiga picha ya sarafu yenyewe kulikuwa na taabu, kwa sababu ya mng'ao na madoa ya kutu. Kwa hiyo katika robo ya mwisho ya karne ya 19 desturi iliyoenea katika makumbusho makubwa ya Ulaya ilikuwa kutengeneza nakala ya plasta ya kila upande wa sarafu, kuzipanga nakala hizo juu ya ubao mmoja, kisha kuzipiga picha zote pamoja. Plasta ni nyeupe kotekote, haimeti wala haina madoa. Kivuli chake ni laini, na herufi hutokeza vizuri. Kwa kusoma maandishi, njia hiyo ilikuwa bora, na wataalamu waliitumia muda mrefu katika karne ya 20. Lakini katika bamba la namna hiyo, dinari ya dhahabu, dirhamu ya fedha na sarafu ya shaba iliyoliwa na chumvi ya pwani huonekana kama ndugu waliozaliwa siku moja. Madini yamebaki katika herufi mbili za Kilatini chini ya picha, na aliyeziandika akikosea, hapana cho chote katika picha cha kumsahihisha.

Na pale sarafu yenyewe ilipopigwa picha, rangi ilipotoshwa kwa njia nyingine. Mabamba ya kioo ya kwanza yaliona nuru ya buluu na urujuani tu. Nuru nyekundu haikuyagusa kabisa. Kwa kuwa shaba na dhahabu hazirudishi buluu kwa wingi, zote mbili zilitoka nyeusi katika picha, na fedha ikatoka nyeupe. Mtu angaliweza kudhani kwamba dhahabu iliyometa machoni pake ilikuwa chuma kilichoungua. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, mwalimu wa kemia huko Berlin, aligundua kwamba rangi fulani ikitiwa katika dawa ya bamba hulifanya bamba liione nuru ya kijani na ya manjano. Hapo dhahabu ikaanza kupata haki yake, lakini shaba nyekundu bado ilikuwa gizani. Mwaka 1906 kampuni ya Wratten and Wainwright ya Uingereza ilianza kuuza mabamba yaliyoweza kuona rangi zote, hata nyekundu, ingawa mabamba ya namna ya zamani yaliendelea kutumika miaka mingi baadaye. Mwaka 1907 ndugu Lumière wa Ufaransa walianza kuuza mabamba ya rangi yaliyotengenezwa kwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi tatu. Na filamu ya Kodachrome ilitolewa mwaka 1935. Basi njia ya kuonyesha rangi ilikuwapo. Kilichokosekana ni fedha za kuchapisha, na pengine imani kwamba rangi ya sarafu ilikuwa na jambo la kusema.

Hivyo John Walker wa British Museum alipochapisha makala yake juu ya historia na sarafu za masultani wa Kilwa mwaka 1936, na kuongeza nyingine mwaka 1939, na hata G. S. P. Freeman-Grenville alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1957 na 1960, wasomaji wao walikuwa katika zama za majarida ya nyeupe na nyeusi. Wataalamu hao walifanya kazi kubwa ya kusoma majina na kuyalinganisha na habari za kale za Kilwa, na misingi waliyoiweka haijabomoka. Lakini msomaji aliyekuwa Dar es Salaam, au Lamu, au Kilwa kwenyewe, ambako sarafu hizo ziliokotwa mchangani baada ya mvua, hakuwa na njia ya kuona alichokiona mtaalamu wa London mezani pake.

Madhara ya jambo hilo huonekana wazi katika habari ya Ali bin al-Hasan. Jina lake limo katika sarafu nyingi sana za shaba zilizopatikana Kilwa na Mafia. Kwa kuwa hazina mwaka, zama zake zilikuwa jambo la kubishaniwa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, alimweka mtawala huyo karibu na mwisho wa karne ya 12. Kisha mwaka 1984 hazina ikapatikana Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo mno, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Dinari hizo zilikuwa na miaka yake, wala hapana iliyopita karne ya 11. Na katika zile za fedha likasomwa jina la Ali bin al-Hasan. Mark Horton, Helen Brown na Andrew Oddy walichapisha habari hiyo mwaka 1986, na tangu hapo wataalamu wengi wamemrudisha mtawala huyo nyuma kiasi cha miaka mia moja na zaidi.

Jina ni moja, na herufi zafanana. Lililotofautiana ni madini. Sarafu moja yenye jina hilo, ikipigwa picha kwa njia ya plasta, haiwezi kumwambia msomaji kama ni ya shaba ya Kilwa au ya fedha ya Pemba. Na tofauti hiyo si ya urembo. Fedha yaweza kusafiri na mfanya biashara hadi nchi ya mbali na kupokewa kwa uzito wake; shaba ndogo hutumika zaidi sokoni, mahali watu wanapomjua aliyeitoa na kumwamini. Mwenye kuuliza kama mji wa pwani ulikuwa na biashara ya bahari tu, au ulikuwa pia na soko la kila siku la samaki na mtama, atatafuta jibu lake katika madini ya sarafu.

Habari ya al-Hasan bin Sulaiman yafundisha jambo hilo hilo kwa upande wa dhahabu. Huyu ndiye sultani aliyekuwa Kilwa Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Sarafu zake za shaba zilijulikana zamani, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Kilwa, mji uliopata utajiri wake katika dhahabu ya Sofala, haukufua dhahabu hiyo hata siku moja. Mwaka 1991 Helen Brown alichapisha habari za sarafu tatu za dhahabu za sultani huyo, zilizofuliwa Kilwa. Hapo mawazo ya wataalamu juu ya biashara ya mji huo yakabadilika kwa vipande vitatu ambavyo vyote vingetosha katika kiganja cha mtoto.

Tena kuna jambo la kutu. Sarafu iliyolala mchangani karibu na bahari haibaki na rangi ya kuzaliwa kwake. Shaba huvaa kwanza utandu mwekundu wa kahawia, kisha kijani. Na chumvi ikiingia ndani yake, huzuka unga wa kijani hafifu ambao huendelea kuila hata baada ya kutolewa ardhini. Fedha huvaa utandu mweusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani. Utandu huo ukiwa mwembamba sana, huonyesha rangi za manjano, zambarau na buluu zibadilikazo kwa kadiri sarafu inavyogeuzwa, kama mafuta juu ya maji. Tabaka hizo ni ushahidi wa mahali sarafu ilipolala na muda iliolala. Lakini sarafu nyingi zilisafishwa kwa dawa kali ili herufi zisomeke, na ushahidi ukaondoka pamoja na uchafu. Pale ambapo hapakupigwa picha ya rangi kabla ya kusafisha, hakuna awezaye tena kusema sarafu ilikuwa na sura gani ilipotoka mchangani. Kwa hiyo picha ya rangi iliyo sahihi si pambo la kitabu. Ni sehemu ya kumbukumbu ya uchimbaji, sawa na ramani na vipimo.

Usahihi huo, hata hivyo, hauji kwa kununua kamera yenye rangi. Jicho la binadamu hujisahihisha: karatasi nyeupe huonekana nyeupe chini ya jua na chini ya taa, ingawa nuru ya taa ni ya manjano zaidi. Filamu haikuweza kujisahihisha. Filamu iliyotengenezwa kwa nuru ya mchana, ambayo wataalamu huipima kuwa kama kelvini 5,500, ikitumiwa chini ya taa ya kelvini 3,200, huifanya fedha ionekane kama dhahabu. Kamera za siku hizi hujaribu kukisia nuru iliyopo, lakini hukisia kwa kutazama picha nzima. Sarafu ya shaba ikijaza picha, mashine hudhani kwamba wekundu ule ni wa taa, ikauondoa, na shaba ikatoka imepauka. Vivyo hivyo sarafu ya fedha ikijaza picha, mashine hudhani kwamba nuru ni nyingi mno, ikaipunguza, na fedha ikawa kijivu kama risasi. Dawa yake ni rahisi nayo yajulikana: kutumia taa za aina moja tu na kufunga madirisha, kuweka kando ya sarafu kadi ya kijivu, au ubao wa vipande 24 vya rangi uliotolewa na kampuni ya Macbeth mwaka 1976, na kuirekebisha picha kwa kufuata kadi hiyo, si kwa kufuata kumbukumbu ya mpiga picha.

Mwelekeo wa nuru nao una hukumu yake. Nuru itokayo upande mmoja, chini karibu na meza, huzitokeza herufi zilizochakaa, lakini uwanja wa sarafu huwa mweusi na rangi hupotea. Nuru iliyotawanywa kwa karatasi nyeupe pande zote huonyesha rangi ya kutu vizuri, lakini herufi hufifia. Kwa sarafu tambarare yenye mng'ao, hutumika kipande cha kioo kilichoinamishwa nyuzi 45 juu yake, ili nuru ishuke wima na kurudi wima kwenye lenzi. Basi nuru ifaayo kwa msomaji wa maandishi siyo ifaayo kwa mchunguzi wa madini. Walio na hekima hupiga picha mbili za kila upande, moja kwa ajili ya herufi na moja kwa ajili ya rangi, wala hawaitaki picha moja ifanye kazi zote mbili. Na hata picha iliyo bora, ikichapishwa katika karatasi, hupoteza mng'ao, maana wino hauwezi kumeta kama dhahabu inavyometa. Ndiyo sababu picha haiwezi kuachwa iseme peke yake, yahitaji maneno.

Hapo ndipo kazi ya wanalugha inapoingia. Imezoeleka kusemwa kwamba Kiswahili kina sifa tatu tu za asili za rangi, -eupe, -eusi na -ekundu, na kwamba ni maskini kwa zilizobaki. Lakini kwa kueleza sarafu, njia ya Kiswahili ina manufaa makubwa, kwa sababu huitaja rangi kwa kukitaja kitu chenyewe: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa kiungo cha mchuzi, zambarau kwa tunda, samawati kwa mbingu. Msomaji akiambiwa kwamba sarafu ya Ali bin al-Hasan ina utandu wa kahawia na madoa ya kijani, hahitaji kufikiri. Kiswahili kina kufua kwa kazi ya kutengeneza sarafu, kama tusemavyo mfua dhahabu. Kina utandu kwa tabaka jembamba lililo juu ya kitu. Kina mng'ao kwa nuru irudiyo. Kilichobaki ni kuyatumia maneno hayo kwa utaratibu, ili chini ya kila picha ya sarafu yaandikwe madini yake, rangi ya utandu wake, kama imesafishwa au haijasafishwa, na nuru iliyotumika. Mambo manne hayo yakiandikwa kwa lugha isomwayo Kilwa, mvuvi aokotaye kipande cha kijani ufukweni atakuwa na kitu cha kulinganisha nacho, na ataweza kusema aliyoyaona kabla mtu mwingine hajakisugua.